Nguruwe Hana Sukari

Kila asubuhi, kabla jua halijakausha umande kwenye mashamba ya mpunga, Verlie Meche alijidunga kidole. Tone la damu liliingia kwenye kipima sukari. Verlie aliisoma namba, akafungua dirisha la jikoni, akapaza sauti.

"Mia moja na nne!"

Ng'ambo ya barabara dirisha jingine lilifunguka. Hapo aliishi Norris, mdogo wake.

"Mia moja thelathini na moja," Norris alijibu kwa unyonge.

"Basi njoo uoshe vikombe."

Huo ulikuwa mchezo wao. Wote wawili walikuwa na kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata watu wazima wengi. Wote wawili walikunywa kahawa pamoja kila siku. Mwenye sukari ya juu ndiye aliyeosha vikombe. Verlie hakupenda kuosha vikombe. Kwa kweli hakupenda kushindwa jambo lolote, na sisi majirani tulimjua hivyo tangu akiwa msichana.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu. Mwaka uliotangulia, mshipa mmoja wa moyo wake uliziba. Madaktari walipitisha ndani ya mshipa huo kijibomba chembamba cha waya, damu ikapita tena. Alirudi nyumbani na mfuko wa dawa. Moja ilikuwa ya sukari. Nyingine ilikuwa ya presha. Nyingine ilikuwa ya kuzuia damu isigande. Na nyingine ilikuwa ya kushusha kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu ambayo wengine huyaita lehemu.

Dawa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta ugomvi.

Baada ya wiki chache za kuinywa, Verlie alifungua dirisha akasema, "Mia moja kumi na tano." Norris alikuwa na mia moja na kumi. Siku hiyo Verlie aliosha vikombe, na Norris alikaa mezani akipiga mluzi.

"Dada, unajua nini kinakuharibia?" alisema Norris. "Hicho kidonge cha mafuta. Kinapandisha sukari. Nimesikia kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanaojua."

Verlie hakuuliza zaidi. Hakumpigia daktari, hakumwuliza nesi. Alikitia kile kichupa nyuma ya kopo la unga. Haikuchukua muda, akaanza kushinda tena, na Norris akarudi kwenye sinki. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Verlie halikusikia hata kidogo.

Chakula nacho alikuwa na sheria yake. Aliacha wali, na kwa mtu wa Louisiana kuacha wali si jambo dogo. Aliacha mkate. Aliacha soda. Lakini gratoni hakuacha. Gratoni ni vipande vya nguruwe, ngozi na mafuta yake, vinavyokaangwa kwenye sufuria kubwa ya chuma mpaka vinakuwa vikavu na vyenye kuvunjika mdomoni. Vikitoka hunyunyiziwa chumvi na pilipili nyekundu. Verlie alivila asubuhi badala ya mkate. Alivila mchana badala ya wali. Binti yake Corinne alipomwuliza, jibu lilikuwa moja.

"Nguruwe hana sukari, mwanangu. Pima mwenyewe."

Na alisema kweli. Ndiyo maana maneno hayo yamewadanganya wengi kwetu. Nenda kwenye karamu yoyote upande huu, utamkuta mgonjwa wa kisukari ameisukuma keki mbali kama adui, huku mkono wake mwingine uko ndani ya mfuko wa gratoni.

Familia ya Meche ilikuwa na sababu zaidi ya kuzipenda. Kila Februari, kabla ya mfungo wa Kwaresima, ukoo wote ulikusanyika nyumbani kwa Verlie kuchinja nguruwe. Wengine walitengeneza soseji, wengine walipika mchuzi wa uti wa mgongo. Lakini sufuria ya gratoni ilikuwa na bwana mmoja tu, yule aliyeshika mwiko. Mwiko huo ulichongwa kwa mti wa kinamasi na mzee Ozeme, baba yao. Ulikuwa mrefu kama jembe.

Mzee Ozeme alianguka kando ya sufuria hiyo akiwa na miaka hamsini na tisa. Moyo ulisimama. Watu wa ukoo waliisimulia habari hiyo kwa fahari. "Alikufa kama Meche," walisema, "mwiko mkononi." Verlie ndiye aliyeuokota mwiko siku ile, kwa sababu gratoni zilikuwa zinataka kuungua. Tangu hapo hakuuachia. Wajomba walinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Verlie aliwaambia wale chakula chao wanyamaze.

Basi, asubuhi moja ya Oktoba, Verlie alikwenda kuwalisha kuku. Hakufika. Kifua kilimbana kama mtu anayefungwa mkanda. Uchungu ukapanda hadi kwenye taya. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Akakaa juu ya ndoo.

Corinne alimwona kupitia mlango.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu. Nimepumzika."

"Unapumzika juu ya ndoo?"

"Ndoo ni yangu."

Corinne hakubishana. Alimwona mama yake ameshika kifua, akaita gari la wagonjwa papo hapo. Hakusema tungoje tuone. Hakumpakia kwenye gari lake na kuanza kukimbizana na barabara. Alifanya vizuri, na ningependa kila anayesoma hapa afanye vivyo hivyo.

Hospitalini walisema hakuna kipande cha moyo kilichokufa. Lakini mshipa wa pili ulikuwa umeanza kuwa mwembamba. Walimpa matibabu, wakamchukua damu, na baada ya siku chache wakampeleka kliniki ya mjini kwa nesi Tranette Arceneaux.

Tranette alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na miwani iliyofungwa kamba. Baba yake mwenyewe alikuwa mchinjaji. Aliwaketisha Verlie na Corinne, akaanza na habari njema.

"Bi Verlie, sukari yako ya wastani wa miezi mitatu ni nzuri sana. Ningepata wagonjwa kumi kama wewe ningelala usingizi."

Verlie alimgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Sasa sikia na hili," alisema Tranette. "Kolesteroli yako mbaya ni 162. Mtu mwenye kisukari, tena mwenye ugonjwa wa moyo, tunataka iwe chini ya 55."

Verlie alivuta kiti mbele.

"Itakuwaje?" aliuliza Verlie. "Sukari yangu ni nzuri. Umesema mwenyewe."

"Sukari ni kitu kimoja, mafuta ya damu ni kitu kingine. Kipima sukari chako hakioni mafuta. Ungekula nguruwe mzima na mkia wake, kile kimashine kingekupongeza."

"Nguruwe hana sukari."

"Hana. Ana mafuta. Na ini lako nalo linatengeneza kolesteroli lenyewe, hata ungekula majani matupu. Ndiyo maana ulipewa kidonge. Unakinywa?"

Verlie alitazama dirishani.

"Mama," alisema Corinne.

"Kilikuwa kinanipandishia sukari," Verlie alisema. "Norris alisema, na ikawa kweli. Mniambie sasa kwamba ni uongo."

"Si uongo," alisema Tranette.

Verlie alishtuka. Alikuwa amejiandaa kupigana, na mtu amemkubalia.

"Kwa baadhi ya watu kinapandisha sukari kidogo," Tranette aliendelea. "Kidogo tu, kama ulivyoona. Sukari ikipanda kidogo, tunajua la kufanya. Tunarekebisha chakula, tunaongeza matembezi, tunatazama dawa. Mshipa wa moyo ukiziba ghafla, hatuna nafasi ya kurekebisha. Kidonge hiki kinakulinda na hilo. Faida yake ni kubwa mno kuliko zile pointi chache."

"Kwa hiyo haya mafuta yanaganda kwenye mshipa kama kwenye bomba la sinki?"

"Watu wengi hufikiri hivyo. Ingekuwa hivyo tungezibua tu. Umewahi kuona ukuta uliopigwa rangi, unyevu ukaingia chini ya rangi?"

"Nyumba yangu nzima iko hivyo."

"Rangi inavimba. Ukiigusa inapasuka. Mafuta yanaingia ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya ngozi yake nyembamba. Yanavimbisha. Siku moja panapasuka, damu inaganda juu yake, njia inafungwa. Kisukari kinaufanya ukuta huo uwe dhaifu zaidi, na mafuta yaingie kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mwenye kisukari na ugonjwa wa moyo hapewi namba sawa na mtu mwingine. Kwake tunataka mafuta yawe chini kabisa."

"Na mtu anaweza kuhisi yanapopanda?"

"Hahisi chochote. Anaweza kulima, kucheza dansi na kumtukana mdogo wake, huku yamepanda. Ni kipimo cha damu tu kinachosema."

Corinne alikuwa amefunga mikono kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi imekwisha," alisema. "Hakuna kuchinja mwaka huu. Nimeshazungumza na Mjomba Norris. Mwiko atapewa mtu mwingine."

Verlie alisimama.

"Nani ameutoa mwiko wangu?"

"Mama, Babu alikufa pale."

"Najua alikufa pale. Mimi ndiye niliyemwona. Nyinyi mnaisimulia kama hadithi tamu. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa." Verlie aliuchukua mkoba wake. "Sitakufa pale. Na sitautoa mwiko. Nesi, niambie jinsi ya kufanya yote mawili."

Corinne alitaka kusema. Tranette alimnyooshea kiganja.

"Mafuta ya kwenye sufuria hayarukii moyoni," alisema nesi. "Yanapita mdomoni. Kukoroga si shida. Ukiwa huna maumivu, na daktari akikupima akakuruhusu, koroga. Lakini najua mabwana wa sufuria. Baba yangu alikuwa anaonja kila mara ajue kama zimeiva. Mwisho wa siku alikuwa amekula bakuli zima, na bado anasema hajala."

"Lazima uonje," alisema Verlie. "Utajuaje bila kuonja?"

"Hilo sijui. Wewe ndiye bingwa."

Verlie alirudi nyumbani amekasirika. Kwanza alimkasirikia nesi. Halafu alimkasirikia Norris. Jioni alipokitoa kile kichupa nyuma ya kopo la unga, alijikuta anaikasirikia ile namba. 162. Iliingia mwilini mwake bila kubisha hodi, ikamfanya mjinga. Alikunywa kidonge chake, akakiambia kichupa, "Haya, tuone."

Tangu siku hiyo alikunywa kila jioni. Misuli ya mapaja ilipomuuma, hakuacha dawa kimyakimya kama zamani. Alimpigia Tranette. Daktari akambadilishia kidonge cha aina nyingine, maumivu yakaisha.

Jikoni mambo yaligeuka. Maharage mekundu aliyapika na vitunguu, pilipili hoho na majani ya bay ya kuleta harufu, bila mkia wa nguruwe. Kambare aliyekuwa akimzamisha kwenye mafuta sasa alimchoma kwenye oveni. Asubuhi alikula uji wa shayiri, kiasi cha kikombe, na njugu kidogo juu. Wali ulirudi mezani, fungu dogo, na Verlie karibu alie kwa furaha. Akaanza kutembea kwenye tuta la bwawa la kufugia kamba kila siku baada ya chakula, polepole mwanzoni, daktari alivyoruhusu.

Na sukari? Ilipanda kidogo, kama alivyoambiwa.

"Mia moja kumi na tatu," alisema dirishani.

"Mia moja na tisa!" Norris alijibu. Alivuka barabara amevaa viatu vya ndani, kwa haraka ya kuja kumcheka. "Nilikuambia, dada. Kidonge. Osha vikombe."

Verlie alivichukua vikombe, akafungua bomba.

"Naviosha," alisema. "Naviosha nikiwa hai."

Norris alicheka peke yake. Asubuhi ya pili na ya tatu aliposhinda, kicheko chake kilizidi kupungua.

"Na wewe, mafuta yako ya damu ni namba ngapi?" Verlie alimwuliza.

"Mimi sina moyo mbaya."

"Nimekuuliza namba."

"Aa, dada, mwache mtu anywe kahawa."

Mnamo Januari, Verlie alipimwa tena. Kolesteroli mbaya ilikuwa imeshuka hadi 68. Alifikiri ameshinda. Tranette alimpongeza, halafu akamwambia bado. Daktari aliongeza kidonge kidogo cha pili, kinachozuia utumbo usinyonye kolesteroli nyingi. Verlie alilalamika njia nzima ya kurudi nyumbani. Kidonge alikinywa.

Februari ikafika. Daktari alimpima moyo akitembea kwenye mashine, akasema anaweza kukoroga sufuria akipumzika anapochoka. Corinne aliweka kiti kando ya moto. Nguruwe alichinjwa alfajiri. Kufikia saa nne ua ulikuwa umejaa watu, fidla na moshi. Verlie alishika mwiko.

Vipande vilitumbukizwa. Mafuta yakaanza kuyeyuka. Verlie alikoroga, akakaa, akakoroga. Kipande cha kwanza kilipobadilika rangi, Norris alikichota kwa kijiko, akampelekea mdomoni kama ilivyokuwa desturi.

"Onja, bibi sufuria."

"Sionji."

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Fidla ilinyamaza.

"Mpishi asiyeonja?" Norris aliinua sauti ili wote wasikie. "Jamani, leo tutakula mkaa. Au tutakula mafuta mabichi. Chagueni."

Wengine walicheka. Mjomba mmoja alisema baba yao angeona aibu.

Verlie alisimama. Alikuwa amechoka kidogo na uso wake ulikuwa mwekundu kwa moto.

"Baba alianguka hapa," alisema, akagonga ardhi kwa mpini wa mwiko. "Hapa hapa. Mnasema alikufa kama Meche. Mimi nasema alikufa kwa sababu hakuna aliyempima damu yake hata siku moja. Sina haja ya kufa vizuri. Nyamazeni, nasikiliza sufuria."

Wakanyamaza. Hata watoto walinyamaza.

Sufuria ilikuwa ikichemka kwa kelele, maana maji yalikuwa bado yanatoka kwenye nyama. Miezi yote ile ya baridi, Verlie alikuwa amejaribu nyumbani kwa vipande vichache kwenye sufuria ndogo, akifumba macho, na vyote alimpa Corinne apelekee majirani. Sisi ndio tulioonja. Vya kwanza viliungua, na tulimwambia. Vilivyofuata vilikuwa vibichi, na tulimwambia pia. Mpaka akajifunza.

Kelele zilipungua. Vipande vikapanda juu, vikaelea. Sauti ikawa nyembamba. Watu walimtazama Norris, Norris akaitazama sufuria.

"Toa sasa, dada. Zitaungua."

"Bado."

Ngozi ikaanza kupasuka, pa, halafu pa pa, halafu nyingi pamoja.

"Toeni," alisema Verlie.

Walizitoa kwa kichujio, wakazimwaga kwenye sanduku la karatasi, chumvi na pilipili zikafuata. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Norris alichukua moja, akaivunja kwa meno. Tuliisikia ikivunjika kutoka tulipokaa. Akatafuna. Akachukua ya pili.

"Sema," alisema Verlie.

"Baba hakuwahi kuzitoa hivi," alisema Norris polepole.

Watu walizivamia. Fidla ikarudi. Verlie alichukua kipande kimoja, akakigawa nusu na Corinne, wakala. Corinne alimshika mama yake kiunoni, akakaa hivyo kwa muda. Norris alikuwa anajaza sahani kwa mara nyingine.

"Namba yako ngapi?" Verlie alimwuliza.

"Leo asubuhi? Mia moja na kumi na nane."

"Siulizi sukari."

Norris aliacha kutafuna.

"Una kisukari kama mimi," alisema Verlie. "Baba yako ni baba yangu. Unajua namba moja, mimi najua mbili. Umri wako sasa ni miaka mingapi?"

Norris alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kila Meche aliyekuwa pale alijua hesabu hiyo. Aliiweka sahani chini.

Wiki iliyofuata, Verlie alirudi kliniki. Kolesteroli mbaya ilikuwa 51. Tranette alisema waendelee vivyo hivyo, kwa sababu dawa ikiachwa namba hurudi ilikotoka. Alipotoka, kwenye benchi la kungojea, Verlie alimkuta mtu amefunika uso kwa gazeti. Gazeti lilikuwa limepinduliwa, kichwa chini.

"Nimesindikiza rafiki," alisema Norris.

"Rafiki yupi?"

"Ameshaondoka."

Verlie alikaa pembeni yake mpaka jina la Norris lilipoitwa.

Majibu ya Norris yalipotoka, asubuhi ilikuwa ya mvua. Verlie alifungua dirisha. "Mia moja kumi na mbili! Na 51!"

Dirisha la ng'ambo lilichelewa kufunguka. Lilipofunguka, Norris hakupaza sauti. Alivuka barabara bila mwavuli, akaingia jikoni, akaketi. Akatoa kichupa kipya mfukoni, akakiweka mezani karibu na kahawa.

"Mia moja na tano," alisema. Alishinda kwa sukari.

"Na ile nyingine?"

"171."

Verlie alimmiminia kahawa.

"Yangu ilianzia 162," alisema. "Kwa hiyo hata kwa kuanza umenishinda. Kunywa kahawa yako."

Norris alikunywa. Alipomaliza, hakungoja kuambiwa kwamba namba ya pili nayo sasa inahesabiwa. Alikunja mikono ya shati, akavichukua vikombe vyote viwili, akaenda kwenye sinki.

"Osha vizuri," alisema Verlie. "Kesho nitakushinda tena, na kesho kutwa, mpaka uchoke kuwa hai."

"Sichoki," alisema Norris, akafungua bomba.